Kidonge cha Bei Kubwa na Kidonge cha Bei Ndogo: Je, ni Dawa Moja?

Leo tunazungumza jambo ambalo wanaume hulinong'ona tu wakiwa wawili chini ya mti. Wa tatu akitokea, mazungumzo yanageuzwa, inakuwa habari za mvua na bei ya mahindi. Jambo lenyewe ni upungufu wa nguvu za kiume. Wengine husema jogoo hapandi mtungi. Uite utakavyo, ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na dawa zake zipo. Shida ni kwamba watu wanaona haya kuuliza. Basi wananunua dawa hizo kwa siri, stendi au mnadani, na kuzimeza bila kusoma hata maandishi ya juu ya boksi.

Swali ambalo watu huuliza, wakipata ujasiri wa kuuliza, ni hili. Kuna kidonge cha bei kubwa chenye jina maarufu, na kuna kidonge cha bei ndogo chenye jina lisilojulikana. Je, hiki cha bei ndogo ni dawa ya kweli au ni bandia?

Nijibu kwanza, kisha nieleze. Bei ndogo si alama ya ubandia. Na bei kubwa si alama ya ukweli. Twende pole pole tuone kwa nini.

DAWA MOJA, MAJINA MAWILI

Dawa ya kiwandani huwa na majina mawili. La kwanza ni jina la dawa yenyewe, yaani kile kitu kinachotibu ndani ya kidonge. La pili ni jina la biashara, ambalo kampuni huipa dawa hiyo ili iuzike.

Chukua mfano wa Panadol. Hilo ni jina la biashara. Dawa yenyewe huitwa parasetamoli. Ukienda dukani ukaomba Panadol, muuzaji akakupa parasetamoli ya kiwanda kingine, hukasiriki. Unameza, kichwa kinatulia. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa mseto ya malaria. Kampuni ya Novartis ya Uswisi huiuza kwa jina la Coartem. Lakini zahanati zetu zimepokea pia maboksi ya viwanda vya India yenye majina mengine. Ndani yake mna artemeta na lumefantrini zile zile, na watoto wetu wamepona kwa haya na kwa yale.

Sasa tuje kwenye dawa tunayoizungumzia. Viagra ni jina la biashara lililoanzishwa na kampuni ya Pfizer ya Marekani. Dawa yenyewe huitwa sildenafili. Ipo dugu yake inayouzwa kwa jina la Cialis, na dawa yenyewe huitwa tadalafili. Kwenye boksi majina haya huandikwa bila ile "i" ya mwisho, mara nyingi kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la biashara. Watu wengi husoma lile kubwa tu wakaacha hili dogo, na hili dogo ndilo lenye maana.

Muda wa kampuni ya kwanza ukiisha, viwanda vingine huruhusiwa kutengeneza dawa ile ile. Dawa ya namna hiyo wataalamu huiita jenereki. Neno ni geni kidogo. Litamke hivi: je-ne-re-ki. Zoea kulitumia, maana mfamasia analifahamu.

KWA NINI MOJA IWE GHALI HIVYO?

Kidonge hiki hakikutafutwa kwa kazi inayojulikana leo. Wataalamu wa Pfizer katika mji wa Sandwich, kusini-mashariki mwa Uingereza, walikuwa wanatafuta dawa ya maumivu ya moyo. Mapema miaka ya 1990 waliijaribu kwa wanaume waliojitolea. Moyo haukupata nafuu kubwa, lakini wanaume wale wakaanza kueleza, bila shaka kwa aibu, kwamba kuna kitu kingine kimebadilika mwilini. Kampuni ikageuza shauri. Tarehe 27 Machi, 1998 serikali ya Marekani ikaruhusu Viagra iuzwe kama dawa ya nguvu za kiume.

Kampuni inapogundua dawa mpya hupewa hataza. Maana yake ni haki ya kuwazuia wengine wasiitengeneze, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu siku ya kuiombea. Wanasema ni malipo ya jasho na fedha walizotumia kutafiti. Sawa, hatukatai. Lakini kwa miaka yote hiyo muuzaji ni mmoja, na muuzaji akiwa mmoja mnajua wenyewe bei inakwenda wapi. Kule Marekani, Viagra ilianza kwa bei ya karibu dola 10 kwa kidonge. Kufikia mwaka 2017 kidonge kimoja kilikuwa kimepita dola 60. Je, ni kwamba vitu vya kukitengenezea vilikuwa vimeadimika? La hasha. Kidonge kilikuwa kile kile.

Na hapa pana kisa kinachofundisha kuliko maelezo yangu yote. Desemba 2017 viwanda vingine viliruhusiwa kuuza sildenafili kule Marekani. Pfizer yenyewe ikafanya nini? Ikaanza kuuza sildenafili yake kwa rangi mbili. Kidonge cha bluu chenye jina la Viagra kikabaki kwa bei yake ya juu. Kidonge cheupe kisicho na jina hilo kikauzwa kwa nusu ya bei. Mwenye dawa ni yule yule, na dawa ndani ni ile ile. Aliyenunua cha bluu alilipia jina na rangi. Baadaye viwanda vilipozidi kuwa vingi, jenereki ikashuka Marekani hadi chini ya dola moja kwa kidonge katika maduka mengi.

Tufanye hesabu kidogo, kama tulivyozoea. Mtu anatumia vidonge 4 kwa mwezi. Kwa dola 60 kila kimoja, mwezi ni dola 240, na mwaka ni dola 2,880. Kwa dola moja kila kimoja, mwaka mzima ni dola 48. Tofauti ni dola 2,832. Ukizibadili kuwa shilingi utapata ng'ombe kadhaa.

Uingereza nako, nyumbani kwa dawa hii, hataza ilikwisha Juni 2013 na bei ikaporomoka. Zamani serikali yao ilikuwa imewabana madaktari wasiiandike ovyo kwa gharama ya umma, isipokuwa kwa wagonjwa wachache wa aina maalum. Agosti 2014 ikalegeza kamba: jenereki ya sildenafili iandikwe kwa yeyote ambaye daktari anaona anaihitaji. Serikali isingefanya hivyo kama ingeona jenereki ni dawa ya ovyo.

Jenereki nyingi zinazofika kwetu Afrika ya Mashariki hutoka India. Sababu yake ni sheria. Mwaka 1970 India ilitunga sheria ya hataza ambayo kwa upande wa dawa ililinda njia ya kutengeneza tu, si dawa yenyewe. Ukipata njia nyingine ya kufikia dawa ile ile, ruksa. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2005, lakini kwa muda huo wote viwanda vya India vilikuwa vimepata ujuzi mkubwa. Ndivyo ilivyotokea kwa dawa za UKIMWI. Dawa za mgonjwa mmoja zilikuwa zinagharimu dola 10,000 na zaidi kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitokeza na kusema itaziuza kwa dola 350, yaani chini ya dola moja kwa siku. Wako wazazi na ndugu zetu wengi walio hai leo kwa sababu ya jenereki.

INAJULIKANAJE KUWA NI SAWA?

Mtu anaweza kuuliza: basi kila kiwanda kikisema "yangu ni sawa" tuamini tu? Hapana. Kiwanda hutakiwa kuthibitisha. Hukusanywa watu wenye afya waliokubali kwa hiari. Wanameza dawa ya kampuni ya kwanza, damu yao inapimwa saa hadi saa kuona dawa imeingia kiasi gani na kwa haraka gani. Baada ya siku kadhaa wanameza ile ya jenereki na kupimwa vile vile. Vipimo vikikaribiana sana, dawa inakubaliwa. Visipokaribiana, inakataliwa. Rangi, umbo na ule unga wa kushikamanisha kidonge vinaweza kutofautiana, na hivyo havitibu.

Sitaki kuwadanganya kuwa viwanda vyote ni vya malaika. Mwaka 2013 kampuni ya Ranbaxy ya India ilikiri makosa mbele ya mahakama ya Marekani na kulipa dola milioni 500, kwa kuuza dawa zisizofikia kiwango na kutoa taarifa zisizo za kweli kuhusu vipimo vyake. Kwa hiyo kila nchi inahitaji jicho lake. Tanzania jicho hilo ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ile tunayoijua kwa herufi TMDA. Ndiyo inayosajili dawa kabla haijauzwa na kukagua maduka. Dawa iliyopitia huko, iwe ya jina kubwa au jenereki, imepita mlango wa mbele.

BANDIA NI KITU KINGINE KABISA

Jenereki ina jina lake halali, kiwanda chake kinajulikana, na imesajiliwa. Dawa bandia ni ile inayojifanya kitu ambacho sicho. Vitu hivi viwili watu huvichanganya, na si wanakijiji peke yao. Hata waliotunga sheria wamewahi kuvichanganya. Kenya ilipitisha mwaka 2008 sheria ya kupambana na bidhaa bandia. Maneno yake yalikuwa mapana mno, hata jenereki halali ingeweza kukamatwa kama bandia. Watu watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wakaenda mahakamani, wakihofia kukosa dawa zao. Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba vifungu hivyo vinahatarisha haki ya watu ya kuishi na kupata afya. Uamuzi huo uwe kumbukumbu kwetu kila tunapomsikia mtu anasema "hizi za bei rahisi zote feki."

Tena fikiri kama mwizi anavyofikiri. Mwizi wa dawa anaghushi kitu gani? Haghushi kitu cha bei ndogo kisichojulikana. Anaghushi kilicho maarufu na cha bei kubwa. Ndiyo maana Viagra na Cialis ni miongoni mwa dawa zinazoghushiwa sana duniani. Maabara za Pfizer zimekuta ndani ya vidonge vya bluu vya bandia wino wa kuchapia, rangi, na hata metronidazoli, ile tunayoiita Flajili.

Na msidhani ubaya wake ni kupoteza fedha tu. Kati ya Januari na Mei 2008, nchini Singapore, watu 150 ambao hawakuwa na kisukari walifikishwa hospitali sukari ya damu ikiwa imeshuka vibaya. Saba walipoteza fahamu kabisa. Wanne walikufa. Walipochunguza, madaktari wakagundua kwamba wengi walikuwa wamemeza dawa za nguvu za kiume za njia ya panya. Baadhi zilikuwa na jina la Cialis, nyingine ziliitwa dawa za asili. Ndani yake mlikuwa na glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari ambayo wagonjwa wa kisukari hapa kwetu wanaifahamu. Mtu mzima mwenye afya akimeza dawa hiyo kwa wingi, sukari inakwisha mwilini.

Hapo kwenye "za asili" nisimame kidogo. Siku hizi kila gulio lina mtu mwenye kipaza sauti na unga kwenye vifuko. Wengine huuita vumbi la Kongo, wengine wana majina yao. Atakuambia ni mizizi mitupu, haina kemikali. Kwani wewe umeona alipokuwa anausaga? Kati ya mwaka 2007 na 2016 idara ya dawa ya Marekani ilikuta bidhaa 776 za "virutubisho" na "za asili" zilizochanganywa kwa siri na dawa za kiwandani. Karibu nusu yake zilikuwa za nguvu za kiume, na kilichofichwa humo mara nyingi kilikuwa sildenafili. Unanunua mizizi, kumbe unameza kidonge kile kile usichojua kipimo chake. Sisemi kila mganga ni mwongo. Nasema unga hauna boksi la kusoma.

HATA DAWA YA KWELI HUUA

Hapa ndugu yangu naomba usome taratibu, ikibidi mara mbili.

Dawa hii hulegeza mishipa ya damu ili damu ipite kwa wingi sehemu inayohitajika. Haileti hamu. Kama hamu haipo, kidonge hakifanyi kitu. Lakini kwa kuwa inalegeza mishipa, inashusha pia presha ya damu kidogo. Kwa mtu mwenye afya hilo halina neno. Kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, kama vile naitrogliserini ile ya kuweka chini ya ulimi, au aisosobaidi, ni hatari ya kifo. Nazo hulegeza mishipa. Zikikutana mbili, presha inaanguka ghafla na mtu anaanguka nayo. Mwenye kutumia naitreti asimeze kabisa sildenafili wala tadalafili, iwe ya jina kubwa, iwe jenereki. Na aliyekwisha kumeza akapatwa na maumivu ya kifua, lazima amwambie daktari, bila haya, kameza nini na saa ngapi. Sildenafili inahitaji angalau saa 24 kabla ya kupewa naitreti, na tadalafili saa 48. Daktari asipoambiwa anaweza kukupa dawa ya kukuokoa ikakumaliza.

Kundi la pili ni wanaotumia ARV zenye ritonaviri, ambazo mara nyingi ni zile za daraja la pili. Ritonaviri hulizuia ini lisiiondoe sildenafili, hivyo kiasi chake katika damu kinaweza kupanda mara kumi na zaidi. Mtu kama huyo daktari humwandikia kipimo kidogo cha miligramu 25, tena si zaidi ya mara moja katika saa 48. Rafiki yako akikugawia nusu ya kidonge chake cha miligramu 100, hiyo ni 50, yaani mara mbili ya kipimo hicho.

Wazee wanaotumia dawa za tezi dume nao waseme, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hushusha presha. Hali kadhalika wenye presha, na waliopata kiharusi au mshtuko wa moyo miezi ya karibuni.

Mtu akimeza na uume ukabaki umesimama zaidi ya saa nne, hilo si jambo la kujisifu kwa wenzake. Aende hospitali usiku huo huo, maana damu iliyolala pale inaweza kuharibu kiungo moja kwa moja. Hali kadhalika akiona macho au masikio yamezima ghafla.

UKISHIKA BOKSI MKONONI

Soma jina la dawa yenyewe, lile dogo. Soma uzito: 25, 50 au 100 kwa sildenafili, na mbele yake herufi mg, yaani miligramu. Tafuta jina la kiwanda na nchi. Tafuta namba ya toleo, kisha herufi EXP, ambazo hufuatwa na tarehe ya mwisho wa dawa. Linganisha namba ya toleo na tarehe zilizo kwenye boksi na zilizo kwenye karatasi ya vidonge. Zikitofautiana, rudisha. Muuzaji akikukatia kidonge kimoja kimoja na kukufungia kwenye kipande cha gazeti, utasoma nini hapo? Utasoma gazeti.

Dawa hii ni ya kuandikiwa na daktari. Ukifika, mwambie akuandikie kwa jina la dawa yenyewe, halafu umwulize mfamasia: "Jenereki iliyosajiliwa mnayo? Ni shilingi ngapi?" Hilo ni swali la heshima na analisikia kila siku.

Kuna faida nyingine ya kumfikia daktari ambayo mwenye kipaza sauti hawezi kukupa. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo ikianza kuziba, kule ndiko huonekana mapema. Mwanaume anayepungukiwa nguvu anaweza kuwa na kisukari au presha asiyoijua, au moyo wake umeanza kuchoka. Tumbaku na pombe nyingi navyo vinachangia, na mawazo pia. Daktari atakupima presha, atakupima sukari kwa tone la damu, na atakuuliza unatumia dawa gani nyingine. Mpelekee maboksi yote ya nyumbani akaangalie, maana baadhi ya vidonge vya presha vyenyewe hupunguza nguvu. Ukigundua ni hivyo usiviache peke yako. Mwambie akubadilishie, aina nyingine zipo. Na kama mama watoto yuko tayari kukusindikiza, nendeni wote wawili, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayekumbuka tatizo lilianza lini.